Mlango Wazi, Mlango Umefungwa: Jinsi DVR ya Gari Inavyosoma Nyaya za Triga

Mzazi mmoja alilalamika kwamba basi la shule liliondoka kituoni mlango ukiwa bado wazi na mwanawe akiwa kwenye ngazi. Mtoto hakuanguka, namshukuru Mungu, lakini shule ilitaka kujua ukweli, na dereva alikuwa anaapa kwamba alifunga mlango kwanza. Nikaitwa nitoe video kwenye DVR, yaani mashine inayorekodi picha za kamera za basi. Basi lilikuwa na kamera nne: moja inatazama barabara, moja inamtazama dereva, moja inatazama siti, na moja iko nyuma. Hakuna hata moja iliyouona mlango vizuri. Jibu lilitakiwa litoke kwenye alama ndogo iliyo chini ya picha, ile inayowaka mlango ukifunguliwa.

Nikarudisha video hadi asubuhi ile. Alama inawaka. Nikasogeza mbele, basi liko barabarani linatembea kilomita 50 kwa saa, alama bado inawaka. Basi likasimama kituo kinachofuata, watoto wakaanza kupanda, alama ikazima. Basi likaondoka, ikawaka tena. Hadi hapo mtu angeweza kusema basi tuisome kinyume, inapowaka tujue mlango umefungwa. Nilijaribu hivyo. Tatizo ni kwamba katikati ya safari, basi likiwa kwenye mwendo na watoto wote wamekaa, alama ilizima mara tatu kisha ikarudi yenyewe bila mtu kuugusa mlango. Ikabidi nimwambie mwalimu mkuu ukweli: "Mwalimu, video hii haiwezi kumtetea dereva wala kumtetea mtoto."

Kamera zote zilikuwa nzima. Kadi ya kuhifadhia video ilikuwa nzima. Kilichoharibu ushahidi ni waya mmoja mwembamba ambao aliyeuunganisha hakuupima, na mstari mmoja wa menyu ambao haukusetiwa sawa. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza mafundi wenzangu na wenye magari jambo hili kila ninapopata nafasi, na hapa nataka kulieleza lote.

Nyuma ya DVR ya gari, pembeni ya soketi ya moto, yaani umeme unaotoka kwenye betri, kuna kifurushi cha nyaya nyembamba. Mara nyingi hufungwa tepu na kusukumwa chini ya dashibodi, kwa sababu kamera zinarekodi hata kama hazijaguswa. Hizo ndizo nyaya za triga. Mashine ndogo huwa na nne, kubwa huwa na nane au zaidi. Kila waya unaingiza habari moja tu ndani ya mashine: umeme upo au haupo. Mashine haijui mlango ni kitu gani, haijui breki, haijui gia ya rivasi. Ikiona volti kwenye waya namba 3 zimepanda kupita kiwango ilichowekewa kiwandani, inasema "juu". Zikishuka chini ya kiwango kingine, inasema "chini". Viwango hivyo vinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na vimeandikwa kwenye kitabu cha mashine, ukurasa wa nyaya. Wa kuiambia kwamba waya namba 3 ni mlango, na kwamba "chini" maana yake mlango uko wazi, ni fundi.

Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu gari lenyewe linatoa habari zake kwa njia mbili tofauti. Vitu vingine linavisema kwa moto. Ukiweka rivasi, waya wa taa ya nyuma unapata moto. Ukikanyaga breki, waya wa taa ya breki unapata moto. Indiketa ni hivyo hivyo. Vitu vingine linavisema kwa ethi, yaani upande hasi wa betri uliofungwa kwenye bodi ya gari. Swichi ya mlango kwenye magari mengi haitoi moto, inaufunga waya kwenye bodi ili taa ya ndani iwake. Handibreki mara nyingi ni hivyo, na kitufe cha honi pia huipa rilei ethi. Kwa hiyo fundi aliyezoea kwamba kitu kikiwashwa waya unapata moto, akifika kwenye mlango anasetia "juu" kama alivyosetia breki, na mlango unasomwa kinyume. Ndivyo ilivyokuwa kwenye basi la shule.

Lakini kusomwa kinyume ni nusu ya kosa. Ile alama iliyokuwa inazima njiani ina sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayosumbua wengi.

Lile basi lilikuwa Coaster ya volti 24. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nikatoa kifuniko cha swichi, nikachomeka ncha nyeusi ya mita kwenye ethi ileile ambayo DVR imefungwa, na nyekundu kwenye waya wa mlango. Mlango wazi: volti 0.1. Safi, hiyo ni ethi. Nikafunga mlango. Mita ikaandika 1.8, ikapanda 6, ikashuka 0.9, ikawa inacheza tu. Mtu akipita karibu na nyaya, inacheza zaidi. Waya ulikuwa unaning'inia hewani, hauko kwenye moto wala kwenye ethi, na DVR ilikuwa inajaribu kusoma kitu ambacho hakipo.

Chanzo kilikuwa juu ya kichwa changu. Balbu ya taa ya ngazi ilikuwa imeungua. Kwenye mfumo wa aina hii, moto unapita kwanza kwenye balbu, unatoka upande wa pili kama waya wa mlango, kisha unaishia kwenye swichi. Mlango ukifungwa, swichi inakata, na waya unabaki na moto uliopitia kwenye balbu. Kwa hiyo ile balbu ya bei ndogo ndiyo inayoupa waya wa mlango volti zake. Ikiungua, au mtu akiitoa kwa sababu inamsumbua usiku, waya hauna wa kuupa moto tena. Ukiweka taa ya LED badala ya balbu ya kawaida, moto unaopita ni mdogo na volti zinaweza kusomeka pungufu, na kwenye mashine nyingine hiyo inatosha kuleta utata.

Niliweka balbu mpya, nikapima tena: mlango umefungwa volti 24.6, mlango wazi 0.1. Nikawasha injini, altaneta ikaanza kuchaji, ikawa 27.5 na 0.1. Hapo una mambo mawili yaliyoachana mbali kabisa, mashine yoyote itayatofautisha. Ila sikuridhika, kwa sababu balbu itaungua tena siku moja na hakuna atakayekumbuka habari za DVR. Nikaongeza rizista, kifaa kidogo cha kubana umeme, ya kiloomu 10 kati ya waya wa mlango na moto uleule unaolisha taa, baada ya fyuzi yake. Mlango ukiwa wazi, rizista hiyo inapitisha umeme usiofika miliampia 3, haipati joto wala haimalizi betri. Mlango ukifungwa, inaupa waya moto hata kama balbu imekufa. Nikatoa balbu makusudi, nikapima: 27.4. Sasa waya una msimamo.

Pima hali zote mbili, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewaka, ndipo uunganishe. Hilo peke yake lingeondoa sehemu kubwa ya makosa ninayokutana nayo. Na upime kwa mita, siyo kwa taa ya kupimia. Taa ya kupimia inakula umeme, na kwenye gari jipya lenye kompyuta, waya unaougusa unaweza kuwa wa kupeleka habari tu, haukutengenezwa kubeba balbu. Unaweza kuwasha kitu usichokitarajia au kuiletea kompyuta hitilafu ambayo utaitafuta wiki nzima.

Ethi nayo inataka heshima yake. Bodi ya basi la zamani ina viungo vingi vyenye kutu, na ethi ya mlangoni inaweza isiwe sawa na ethi ya chini ya dashibodi. Asubuhi, kila kitu kimezimwa, mlango wazi unasoma 0.1. Washa taa kubwa, washa feni zote za AC, pima tena: ukikuta 2 au 3, ujue umeme wa feni unarudi kupitia kiungo kibovu na unauinua waya wako. Mashine yenye kiwango cha chini kidogo itaanza kuyumba. Dawa yake ni kukwangua kutu na kufunga waya mnene wa ethi kutoka kwenye bodi karibu na mlango hadi pale DVR ilipofungwa ethi yake. Kubadilisha DVR hakutasaidia.

Sasa breki, na hapa naomba msomaji atulie nami, kwa sababu kuna watu wanapoteza kazi kwa jambo hili. Ajali ikitokea, mwenye gari anafungua video, anaangalia alama ya breki, anaona haikuwaka, anasema dereva hakukanyaga. Alama ile haijui mguu wa dereva. Inachosema ni kwamba waya wa taa ya breki haukupata moto. Fyuzi ya taa za breki ikiwa imekatika, alama haitawaka hata dereva akisimama juu ya pedeli. Swichi ya breki ikiwa imechoka, ni hivyo hivyo. Kwenye mabasi makubwa na malori kuna breki ya egzosi na ritada, ambazo zinapunguza mwendo bila dereva kugusa pedeli, na si kila gari huwasha taa za breki zinapofanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu, fungua mistari mingine ya rekodi ileile: mwendo wa GPS ulishuka kwa kasi gani sekunde zile, na kihisi cha mtikisiko kilichomo ndani ya mashine kilionyesha gari linavutwa nyuma au la. Kama mwendo ulishuka kutoka 70 hadi 30 kwa sekunde nne kabla ya kugonga na alama ya breki haikuwaka, kakague fyuzi na swichi kwanza. Mimi kila ninapokabidhi gari huwa namweleza mwenye gari jambo hili mbele ya dereva wake, wote wawili wasikie.

Kwenye magari mapya yenye taa za LED, waya wa taa ya breki unaweza kuwa unapigwa umeme wa vipande vipande, kwa sababu kompyuta ya gari inazipima taa kama ziko nzima, au taa moja inatumika kwa mwanga hafifu usiku na mwanga mkali kwenye breki. Mita itakuonyesha volti za katikati, kama 9 au 14 kwenye gari la 24, na DVR itaandika breki mia moja kwa dakika. Ukikutana na hali hiyo, acha taa, nenda kwenye swichi ya pedeli yenyewe. Kwenye malori ya kisasa ambako hata pedeli inaongea na kompyuta tu, kuna vifaa vya kusoma mtandao wa CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari huzungumzia, kwa nje bila kukata waya, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kompyuta ya lori.

Indiketa zina lao. Zinapiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, ndiyo kanuni ya kimataifa ya taa za magari, kwa hiyo kila mpigo mashine inaona juu, chini, juu, chini. Kama umesetia kioo cha dereva, ile skrini ya kutazamia kamera, kionyeshe kamera ya kushoto akiwasha indiketa ya kushoto, picha itakuwa inakuja na kuondoka kama mtu anayepepesa macho. Kwenye menyu tafuta muda wa kushikilia triga, weka sekunde 2, itatulia. Na usiunganishe indiketa ya kushoto na ya kulia kwenye waya mmoja wa triga ili kuokoa nafasi. Ukifanya hivyo umeziunganisha taa za pande zote mbili, dereva akionyesha kushoto na kulia kunawaka. Kama nafasi ni finyu kweli, weka dayodi moja kila upande, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007 inatosha, moto uingie kwenye DVR lakini usivuke kwenda upande wa pili.

Kuhusu rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme badala ya mkono, mafundi tumegawanyika. Wako wanaoweka rilei kila mahali, wako wasiozitaka. Mimi naziweka pale ambapo nahitaji kubadilisha ethi kuwa moto au ambapo sitaki kabisa umeme wa gari ukutane na wa DVR. Miguu 85 na 86 ni koili, 30 ni mlango wa kuingilia, 87 inaunga rilei ikivuta, 87a inaunga ikiachia. Kwenye gari la volti 24 tumia rilei ya 24, maana ya 12 itavuta vizuri siku ya kwanza na kuungua baadaye. Weka dayodi kwenye koili, kwa sababu rilei ikiachia hurudisha mshtuko wa umeme ambao unaweza kuua kifaa kidogo kilichoko karibu. Na ukumbuke kwamba koili inakula karibu miliampia 100, wakati waya wa triga wenyewe hula chache sana. Waya wa kompyuta uliobeba triga bila shida unaweza kulemewa na rilei.

Kitufe cha dharura, kile dereva au kondakta anachokibonyeza akivamiwa, kinafaa kufikiriwa peke yake. Ukikipa moto, waya unapita urefu wa basi ukiwa na volti 24, na ukichubuka kwenye chuma unapiga shoti. Lazima kuwe na fyuzi ndogo, ampia 1, mwanzoni mwa waya. Ukikipa ethi, waya ukichubuka hauunguzi kitu, unaleta kengele ya uongo tu. Lakini kwa njia zote mbili, mtu akiukata waya, kitufe kinakufa kimyakimya na hakuna atakayejua. Ndiyo maana magari ya kubeba fedha hupenda kitufe kinachofanya kazi kinyume: waya umeunganika muda wote, na kubonyeza kunakata. Hapo mwizi akiukata waya, amebonyeza kitufe. Kwa basi la kawaida mimi huchagua ethi, halafu naandika kwenye ratiba ya ukaguzi kwamba kitufe kibonyezwe kila mwezi na mtu aangalie kama kimeandikwa kwenye rekodi.

Tuje kwenye menyu. Kila triga utaulizwa: jina lake, juu au chini, ishikiliwe muda gani, na ikitokea mashine ifanye nini. Inaweza kuweka alama tu kwenye video, kukuza picha ya kamera fulani kioo kizima, kupiga kengele, kutuma taarifa ofisini, au kufunga video ya dakika zile isifutwe. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza watu. Anayeanza hupenda kufunga video ya kila triga, akidhani ndiyo usalama. Tupige hesabu. Kamera nne, kila moja megabiti 2 kwa sekunde, jumla ni megabaiti 1 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 3.6 kwa saa. Basi la shule lenye vituo 40 linafungua mlango mara 40 asubuhi na mara 40 jioni. Ukifunga dakika 2 kila mara, umefunga dakika 160 kwa siku, ambazo ni gigabaiti 9.6. Kadi ya gigabaiti 256 inajaa video za milango katika siku 27 za shule au hata kabla. Video zilizofungwa hazifutwi, kwa hiyo mashine inabanwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki, na nyingine husimama kurekodi kabisa. Siku ya ajali unafungua kadi, unakuta watoto wanapanda basi mwezi uliopita.

Kwa hiyo mlango uwekewe alama tu. Rivasi ikuze picha ya nyuma tu. Kinachofungwa ni kitufe cha dharura na mtikisiko mkubwa, navyo vipewe muda wa kabla ya tukio, kwa sababu kilicholeta ajali kimetokea kabla ya kishindo. Mashine inaweza kufanya hivyo kwa kuwa inahifadhi sekunde zinazopita kwenye kumbukumbu yake hata kabla ya kuguswa. Mimi huweka sekunde 30 kabla, au ukomo wa mashine kama haufiki hapo, na dakika 2 baada.

Kwa basi la shule kuna kitu kimoja ninachokijali kuliko vyote: mlango wazi pamoja na mwendo. Mashine nyingi zinakuruhusu kuunganisha triga na kasi ya GPS, kwamba kengele ipigwe pale tu mlango uko wazi na gari linatembea. Usiweke kasi iwe 0, maana GPS hata gari limesimama huonyesha kilomita 1 au 2. Weka 8. Dereva akianza kuondoka mlango ukiwa wazi, anasikia kengele kabla hajaingiza gia ya pili. Hapo ndipo waya ule mwembamba unapomlinda mtoto.

Moto wa kuiwasha mashine wenyewe, ule wa ACC unaokuja dereva akizungusha ufunguo, usisahaulike. Dereva akizima gari, mashine nyingi zinaendelea dakika chache ulizozipanga kisha zinalala. Zikilala, triga haziamshi kitu, isipokuwa mashine imetengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye lori anayetaka kujua nani anafungua tanki usiku lazima aulize jambo hili kabla ya kununua, kisha apange betri itakavyohimili.

Saa pia. GPS hutoa saa ya dunia, sisi tuko mbele kwa saa 3. Usiposetia ukanda wa saa, rekodi itaandika mlango ulifunguliwa 04:12, na mtu wa ofisini aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili ataisoma saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, wakati tukio lilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Nimewaona watu wakibishana kwa tofauti hiyo, kila mmoja akiwa na karatasi mkononi.

Mabasi ya mikoani Tanzania yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo, na magari ya abiria Kenya yana kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Usichukue moto wala ishara ya mwendo kutoka kwenye nyaya za vifaa hivyo. Ukiviletea hitilafu, gari linaingia matatani na wewe pamoja nalo. Na kwa kuwa triga ya dharura inatuma picha za abiria na watoto kwenye simu na kompyuta za ofisi, mwenye gari aamue mapema nani anaruhusiwa kuziona. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na sura ya mtoto kwenye basi ni taarifa binafsi.

Baada ya kuunganisha yote, jaribio linataka watu wawili. Mmoja anakanyaga breki, anafungua mlango, anaweka rivasi, anawasha indiketa moja, kisha hazadi. Mwingine anatazama kioo na kuita kwa sauti. Kisha mzunguke na gari robo saa, taa na feni zikiwa zimewashwa. Lakini kazi haijaisha, kwa sababu kinachoonekana kwenye kioo si lazima kiwe ndicho kilichorekodiwa. Toa kadi, fungua video kwenye kompyuta. Mashine nyingi zinahifadhi alama za triga pembeni ya picha, kwenye faili lao wenyewe, na ukibadilisha video kuwa MP4 ya kutuma WhatsApp, alama zinabaki nyuma. Kama mashine yako inaweza kuziandika juu ya picha yenyewe, washa hilo, ili hata polisi au bima wakipewa nakala tu waone mlango ulikuwaje.

Lile basi la shule nililimaliza saa kumi jioni. Ndani ya kifuniko cha DVR nikabandika karatasi: "1, mlango wa abiria, ethi, wazi = chini, umefungwa = 24 hadi 28, rizista 10k nyuma ya taa ya ngazi. 2, breki, moto, kutoka swichi ya pedeli. 3, rivasi, moto. 4, dharura, ethi." Nikaandika tarehe. Kisha nikamwomba dereva aondoke taratibu huku nikiushika mlango usifunge. Hatukufika mita kumi, kengele ikalia chini ya dashibodi. Akasimamisha gari, akageuka kunitazama, akasema, "Fundi, kama hii ingekuwepo siku ile, nisingeapa mbele za watu."